Kabla Hujaomba Biti ya Nne

Wadogo zangu, wiki hii barua moja tu itachukua kona nzima. Imetoka kwa binti wa Morogoro, mwaka wa pili tangu amalize chuo cha ufundi, mwanamke peke yake kwenye karakana yao, na amekabidhiwa leti ya CNC. Anaandika hivi:

"Dada, shikamoo. Natengeneza bushi za springi za lori, chuma cha kawaida, urefu milimita 60. Natoboa kwanza kwa biti ya 19.5, halafu namalizia kwa kisu cha ndani hadi 20 kamili. Sasa tundu linatoka kubwa mdomoni, napima napata 20.2, lakini ndani zaidi linarudi 19.7. Kisu kikifika mdomoni hakikuti chuma cha kukata. Nimeharibu bushi kumi na moja. Bosi anasema biti ni mbovu. Nimenunuliwa ya tatu sasa na hali ni ile ile. Naogopa kuomba ya nne. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiombe ya nne. Biti tatu haziwezi kukosea kwa namna moja. Ulibadilisha biti mara mbili, kasoro ikabaki; basi kasoro iko kwenye kile ambacho hukukibadilisha. Kwenye picha uliyonitumia nakiona. Biti ndefu imeingia kwenye slivu, slivu imeingia kwenye holda ya kisu cha ndani, skrubu mbili zimebana kutoka upande mmoja, na biti imechomoza nje karibu milimita 150 wakati bushi yako ina urefu wa milimita 60 tu. Shida yako ni holda.

Najua hukufundishwa hivyo, na mimi pia sikufundishwa. Chuoni tunajifunza biti kwa wiki nzima, pembe za ncha, mifereji, jinsi ya kuinoa kwenye jiwe, halafu holda inatajwa kwa sentensi moja. Ukifika kazini unakuta holda zimejaa kwenye droo, zimerithiwa kutoka kwa waliokutangulia, unachukua inayoingia.

Hebu tuanze na jambo ambalo wengi tunalipita haraka. Kwenye mashine ya kutobolea ya kusimama, biti inazunguka na kazi imetulia. Kazi ikikaa upande kidogo, tundu linahama, lakini ukubwa wake ni ule ule. Kwenye leti mambo yamegeuka. Biti imetulia, kazi ndiyo inayozunguka, na tundu lazima lizunguke kitovu cha spindo, utake usitake. Biti ikikaa nje ya kitovu kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, tundu halihami. Linapanuka. Kama biti ni ngumu isiyopinda, kama ya kabaidi, tundu litaongezeka karibu mara mbili ya ile sehemu ya kumi. Kama ni biti ndefu ya chuma cha kasi kama yako, itajipinda: inaanza kukwangua pembeni mdomoni, halafu kadiri inavyozama ncha inavutwa kuelekea kitovu na kuta za tundu zinaanza kuiongoza. Mdomo unakuwa kama wa tarumbeta, ndani panatulia. Zile 20.2 na 19.7 ulizopima zinasimulia habari hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi ya holda kwenye leti ni mbili tu: kuiweka biti kwenye kitovu cha spindo, na kuishika hapo bila kuiacha ipinde, izunguke wala ivutwe. Kila holda utakayoichagua, ipime kwa hayo mawili.

Nije kwenye zile skrubu. Slivu yenye skrubu ilitengenezwa kwa ajili ya kisu cha ndani, ambacho mkia wake una bapa, sehemu iliyosawazishwa ili skrubu ipate pa kukanyaga. Biti ya kawaida ina mkia wa mviringo, laini. Skrubu inaushika kwa nukta moja. Ukibana kwa nguvu, unausukuma mkia hadi ukuta wa pili, na ile nafasi ndogo iliyokuwa kati ya mkia na slivu sasa yote iko upande mmoja. Hapo tayari umeshatoka kwenye kitovu kabla mashine haijawashwa. Ukibana kidogo, biti inazunguka ndani ya slivu.

Mimi ilinizungukia. Nilikuwa na umri kama wako, karakana moja huko Dar es Salaam, nikiwa na biti ya 16 ndani ya slivu kama yako. Ilikamata, ikazunguka, skrubu zikachimba mfereji kuuzunguka mkia wote, na joto likaigandisha biti ndani ya slivu. Tuliitoa kwa nyundo. Biti ilikufa, slivu ilikufa, na fundi mkuu alinitazama bila kusema neno. Nilidhani nilikosea kasi. Miezi mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kasi haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeweka kitu cha mviringo mahali palipotengenezwa kwa kitu chenye bapa.

Badala yake uwe na koleti. Za ER ndizo zimeenea duniani kote, zilianzia Uswisi miaka ya 1970 kwenye kampuni ya Rego-Fix, na leo kila soko la vifaa linazo. Koleti ni bushi iliyochanwachanwa, kwa nje ina tepa ya nyuzi 8, unapokaza nati inasukumwa ndani ya tepa na kuubana mkia wa biti pande zote kwa pamoja. Hakuna upande unaosukumwa kuliko mwingine, na ndiyo sababu biti inabaki katikati.

Ukubwa unajulikana kwa namba. ER16 hufika milimita 10, ER20 hufika 13, ER25 hufika 16, ER32 hufika 20, ER40 hufika 26. Biti yako ya 19.5 inakaa kwenye koleti ya 20 ya ER32, ambayo kwenye ER32 ndiyo ya mwisho. Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo koleti nyingi zinapouawa: koleti ya ER inabana kushuka tu, na kwa milimita moja tu. Iliyoandikwa 10 inashika kuanzia 10 hadi 9. Siku unatengeneza uzi wa M12 na biti ni 10.2, usiilazimishe ndani ya koleti ya 10 kwa kuwa "ni pointi mbili tu". Chukua ya 11. Koleti iliyopanuliwa kwa nguvu hairudi kuwa duara, na kila biti utakayoiweka humo baadaye itakaa upande bila wewe kujua sababu.

Jambo jingine ambalo nimelirudia kwa vijana wengi hadi limekuwa kama salamu yangu: koleti inaingia kwenye nati kwanza, inabofyeka hadi usikie tiki, ndipo nati ikafungwe kwenye holda. Ndani ya nati kuna ukingo usio katikati unaoishika koleti ili uweze kuivuta wakati wa kufungua. Ukitupia koleti kwenye holda halafu ukafunga nati juu yake, ule ukingo unaikanyaga koleti shavuni. Biti itabanwa, ndiyo, lakini imepinda, na siku ya kufungua koleti itagoma kutoka. Nimeona watu wazima wenye uzoefu wa miaka wakifanya hivyo.

Kabla ya kubana, pangusa tepa kwa kitambaa kikavu. Chenga moja ya chuma iliyo ndogo kuliko punje ya chumvi inatosha kuinamisha biti. Mkia wa biti uingie ndani ya koleti angalau theluthi mbili ya urefu wa koleti. Ukiingiza kidogo tu mdomoni, nyuma ya koleti inabana hewa na mbele inafunguka. Lakini mifereji ya biti isiingie, maana koleti itashika kingo za mifereji badala ya mkia mzima. Na msiweke bomba kwenye spana ili mkaze zaidi. Spana ya nati ilipewa urefu wake kwa sababu.

Holda ya ER yenyewe inakuja kwa namna mbili kuu. Ipo yenye mkia wa mviringo ulionyooka, wa 25 au 32, ambayo unaiingiza kwenye ile ile holda ya kisu cha ndani uliyonayo. Ni nafuu, na ukiwa na moja unaweza kuanza kesho. Chagua yenye bapa kwenye mkia ili zile skrubu zipate pa kukanyaga. Ipo pia inayofungwa moja kwa moja kwenye tareti. Kama tareti yako ni ya VDI, utaijua kwa mashimo ya mviringo na meno kwenye mkia wa holda. VDI 30 ina mkia wa milimita 30, VDI 40 ina wa 40. Kama ni BMT, holda inakaa kwenye uso wa tareti na kufungwa kwa boliti nne. Mimi napenda inayokwenda moja kwa moja kwenye tareti, na sababu yangu ni rahisi: kila kiungo kinaleta kosa lake. Biti ndani ya koleti, koleti ndani ya holda, holda ndani ya slivu, slivu ndani ya holda nyingine, hiyo ndani ya tareti. Ondoa viungo viwili na umeshaondoa makosa mawili bila kupima chochote.

Angalia pia nati isigonge. Nati ya ER32 ina kipenyo cha milimita 50, ya ER25 ina 42. Ukitoboa kazi fupi iliyozama ndani ya chaki, nati kubwa inaweza kukutana na mataya. Jongeza biti polepole kwa mkono, spindo imezimwa, uangalie kwa macho yako kabla hujaamini programu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikupe kona yote. Holda nzuri kuliko zote haitakusaidia kama tareti yenyewe imehama.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye karakana ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa mashine asubuhi. Kila tundu lilitoka kubwa. Nilibadilisha biti, nikabadilisha koleti, nikaanza kucheza na ofseti ya X. Naongeza kidogo, natoboa, napima. Napunguza, natoboa, napima. Siku mbili nzima. Tundu lilikuwa likipungua kidogo halafu linagoma, halishuki tena hata nifanye nini. Siku ya tatu mzee mmoja wa zamu nyingine alinikuta nimekaa kwenye ndoo, karibu nilie, akaniuliza, "Umepima juu na chini, au umepima mbele na nyuma tu?" Sikuelewa. Akaniletea dayo yake, ile saa ya kupimia yenye sindano.

Leti ya kawaida ya CNC ina mihimili miwili, X na Z. Ofseti inaweza kusogeza biti kwenye X, na kwenye Z. Lakini kuna mwelekeo wa tatu, unaokata X kwa pembe mraba, ambao mashine nyingi hazina namna ya kuusogeza kabisa. Tuuite Y. Biti ikiwa imehama kwenye Y, unaweza kuandika namba kwenye ofseti hadi kesho kutwa na haitarudi kwenye kitovu. Zamu ya usiku walikuwa wamegongesha tareti kwenye chaki. Haikuonekana kwa macho. Ilikuwa imejizungusha kwa kiasi kidogo sana, lakini kwenye ncha ya biti kiasi hicho kilikuwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, chote kwenye Y. Hawakusema. Siwalaumu kwa kugonga, kila fundi wa CNC anaweza kugonga, nalaumu kunyamaza. Kwa hiyo nawaomba, wadogo zangu, mkigonga, semeni, hata kama mtagombezwa, kwa sababu kuna mtu atakuja asubuhi.

Kipimo chenyewe ni hiki, kisome mara mbili. Funga dayo kwenye chaki, kwa sumaku au kwa kuibana kwenye mataya, kwa mkono mfupi na mgumu. Mkono mrefu unalegea kwa uzito wake na utakudanganya kwenye vipimo vya juu na chini. Lete holda ya kutobolea mbele ya spindo, X ikiwa sifuri kwa ofseti ya holda hiyo. Gusisha ncha ya dayo ndani ya tundu la holda au kwenye pini iliyosagwa vizuri uliyoibana ndani ya koleti. Halafu zungusha spindo kwa mkono, pole pole, usome sehemu nne kwenye duara: mbili zinazoelekeana kwenye X, mbili zinazoelekeana kwenye Y.

Hapa kuna mtego. Leti nyingi za CNC zina kitanda cha mshazari, kimelala nyuzi 30 au 45, ili chenga zianguke. Kwenye mashine hizo X haiendi wima wala haiendi mlalo, inafuata mshazari wa kitanda. Ukisoma juu-chini na kushoto-kulia kama ulivyozoea ukutani, utakuwa umechanganya X na Y, na hutajua kosa liko wapi. Sogeza tareti kwa mkono kwenye X uone inakwenda upande gani. Huo ndio mstari wako wa X, na Y ni ule unaoukata mraba.

Chukua somo la X upande mmoja utoe la upande wa pili. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo kiasi biti ilivyo nje ya kitovu. Kwa mashine inayoandika X kwa kipenyo, tofauti yote kama ilivyo ndiyo unayoiingiza kwenye ofseti, kwa hiyo huna haja hata ya kugawa. Fanya vivyo hivyo kwa Y, ila hapa gawa kwa mbili uandike namba kwenye karatasi. Ikiwa ni 0.02 au chini, shukuru Mungu uendelee na kazi. Ikiwa ni 0.05, biti ndefu ya chuma cha kasi itavumilia, ya kabaidi itakulaumu. Ikizidi sehemu moja ya kumi, acha kutoboa. Jaribu kwanza holda nyingine kwenye nafasi ile ile, kisha holda ile ile kwenye nafasi nyingine ya tareti. Kosa likiifuata holda, holda ndiyo mgonjwa. Kosa likibaki popote utakapokwenda, tareti imehama, na hapo mwite anayeelewa kuirudisha. Usifungue boliti za tareti peke yako mara ya kwanza.

Baada ya hapo pima kuinama. Weka pini ndefu kwenye koleti, dayo ikiwa imetulia, sogeza Z kwa milimita 100 huku ncha ya dayo ikiteleza juu ya pini, upande wa X kisha upande wa Y. Holda inaweza kuwa kwenye kitovu mdomoni na bado ikawa imetazama pembeni.

Nimekaa sana hapo kwa sababu ndipo penye jibu lako. Mengine nitayapitia kwa haraka kidogo.

Urefu wa kuchomoza. Kupinda kwa biti kunakua kwa mchemraba wa urefu: ukiongeza urefu mara mbili, kwa nguvu ile ile ya pembeni, inapinda mara nane. Bushi yako ni milimita 60. Ongeza ncha ya biti, karibu milimita 6, ongeza nafasi ya chenga kutoka na ya kukatia bushi. Huhitaji biti iliyochomoza 150. Zipo biti fupi za ukubwa ule ule, zilizotengenezwa maalumu kwa mashine za aina hii, na kwa kazi yako ningezitafuta hizo kabla ya kufikiria biti ya bei kubwa.

Chaki ya kutobolea, ile ya mataya matatu ambayo Arthur Jacobs wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1902, inafaa kwa biti ndogo na kwa kazi ya kipande kimoja. Ni ndefu, nzito, na mataya yake matatu yanashika kwa mistari mitatu tu. Kwenye shaba nyeusi itakutia hasara: shaba huivuta biti mbele kama parafujo, na biti inachomoka kwenye chaki huku spindo ikizunguka. Kama lazima utoboe shaba, sawazisha kidogo midomo ya kukata kwa jiwe ili isichimbe, na tumia koleti. Na ikiwa chaki yako ni ya ufunguo, ufunguo usiuache ndani hata kwa sekunde unayogeuka kuchukua kitambaa.

Tepa ya Morse bado ina heshima yangu. Stephen Morse, aliyepata hataza ya biti ya mifereji ya kujisokota mwaka 1863, ndiye ambaye tepa hiyo inabeba jina lake. Kwa biti kubwa za chuma cha kasi, tuseme za 24 hadi 30 zenye mkia wa Morse namba 3, holda ya Morse kwenye tareti ni nzuri kabisa. Ila mjue kwamba kinachoizuia biti isizunguke ni msuguano wa tepa nzima. Ule ulimi wa nyuma upo kwa ajili ya kuitoa kwa kabari. Tepa ikiwa na mikwaruzo au mafuta yenye chenga, msuguano unapotea, mzigo wote unahamia kwenye ulimi, nao unasokoteka.

Halafu kuna drili za inseti, zile zenye visu viwili vidogo vya kabaidi na maji yanayopita ndani. Kijana mmoja wa Nairobi aliniuliza majuzi kama anunue. Kama unatoboa mamia ya vipande vinavyofanana, ndiyo. Hapa skrubu zinafaa, kwa sababu mkia una bapa na una kola inayokaa barabara kwenye uso wa holda. Hakikisha kola imegusa kabisa kabla ya kubana. Visu vyake vilale sambamba na mhimili wa X, ndipo ofseti ya X iweze kurekebisha kipenyo. Usianze kwa biti ya kuweka alama, drili hizi zinataka uso ulio mzima. Na zile namba za Y nilizokwambia zinakuwa sheria hapa: drili ikikaa chini au juu ya kitovu, kisu cha katikati kinapasuka, au kinaacha kichuchu kinene chini ya tundu. Ukikiona kichuchu hicho, usibadilishe kisu. Rudi kwenye dayo.

Drili hizo zina hatari moja ambayo nataka muijue kabla hamjazigusa. Tundu likitokea upande wa pili, kipande cha mwisho kinakatika kama sarafu yenye kingo kali, na kwa sababu kazi inazunguka, sarafu hiyo inarushwa kwa nguvu. Mlango wa mashine uwe umefungwa, na nyuma ya spindo pasiwe na mtu wala pasiwe wazi.

Kwenye programu, mdogo wangu, hakikisha mstari wa kutobolea una G97. Ukiacha G96, mashine itajaribu kutunza mwendo wa kukata kwa kuangalia X, na X ya biti ni sifuri. Spindo itapanda hadi kikomo ilichowekewa. Kwa biti yako ya 19.5 kwenye chuma laini, mizunguko 400 kwa dakika inatosha kuanzia. Ukiweka alama kabla ya kutoboa, tumia biti fupi ya kuweka alama ambayo pembe yake ni pana kidogo kuliko ya biti itakayofuata, ili ncha iguse kabla ya pembe za nje. Zile biti za nyuzi 60 zilitengenezwa kwa ajili ya senta ya leti, ncha yake nyembamba huvunjika na kubaki ndani ya kazi.

Tuje kwenye pesa, maana najua bosi atauliza. Ukienda Gerezani kule Kariakoo utaonyeshwa seti ya koleti kumi na nane za ER32 kwenye sanduku zuri. Usinunue sanduku. Angalia michoro ya kazi zenu za mwezi mzima, utakuta mnatumia saizi tano, labda sita. Nunueni hizo, za daraja la juu zaidi mnaloliweza, na holda moja nzuri. Nenda na dayo na pini yako iliyosagwa. Muuzaji asiyekuruhusu kupima koleti dukani, muage kwa adabu.

Kwa bosi usiende kusema biti hazikuwa mbovu, utakuwa kama unamwumbua. Nenda na zile bushi kumi na moja mkononi, na karatasi yenye namba. Mwambie, "Bosi, nimepima, holda inaisukuma biti nje ya kitovu kwa kiasi hiki. Naomba holda ya koleti moja na koleti ya 20." Mtu aliyeshalipia biti tatu na chuma cha bushi kumi na moja anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Na kama kwenye karakana yenu kuna wanaodhani unaharibu kazi kwa sababu wewe ni mwanamke, dayo haijui jinsia ya anayeisoma. Waite wasome nawe.

Lakini usinunue chochote kabla ya kupima. Kesho asubuhi, mashine ikiwa bado haijapata joto, funga dayo kwenye chaki, zungusha spindo kwa mkono, usome sehemu nne. Rudia jioni baada ya kazi, maana mashine ikipata joto inasogea. Niandikie namba zote nane, mbili za X na mbili za Y za asubuhi, na zile za jioni, pamoja na picha ya tareti kutoka ubavuni. Nitakujibu kabla kona ijayo haijatoka.